Siku Tuliyomsuta Mwenyekiti wa Magari ya Kale

Kuna mwanamume mmoja Mbweni ambaye siku hizi akiniona kwa mbali anavuka barabara. Nasema hivyo kwa raha kabisa. Najua watu wakiandika habari za waliowatenda huanza kwa kutuambia kwamba wameshasamehe, yamepita, Mungu ndiye anayejua. Mimi sijasamehe na halijapita lolote, na sioni kwa nini nianze kwa kumdanganya msomaji.

Ugomvi wetu ni wa gari. Baba alikuwa dereva wa wamisionari Lindi, na walipofunga shughuli zao wakamwachia gari alilokuwa akiliendesha: 504 stesheni ya Kifaransa, jeupe, refu kiasi kwamba ukitaka kuligeuza uani lazima mtu asimame nyuma akuelekeze. Ndilo lililomleta mama Dar es Salaam, mimi nikiwa mapajani mwake na mikeka yake ikiwa imefungwa juu ya paa. Baba aliliendesha mpaka macho yakamkataa. Alipofariki lilikuwa uani kwetu Temeke, juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akilitazama kila asubuhi kama mtu anayepima kiwanja, maana pale lilipokaa pangetosha vyumba viwili vya kupangisha.

Mimi ndiye niliyekataa lisiuzwe. Siku ya arobaini ya baba mama alikuwa amesema neno, akalisema kama mtu anayeomba chumvi: "Gari hili ndilo lililonileta. Siku moja nanyi mnirudishe nalo nikawaone watu wangu." Nikamjibu inshallah. Wapo wanaosema inshallah kwa maana ya kukataa kistaarabu, mimi nilimaanisha.

Hapo ndipo nilipoanza kujua maana ya kupenda gari la kale katika mji huu. Fundi wa siku hizi ukimpelekea gari, kitu cha kwanza anatafuta mahali pa kuchomeka kompyuta. Mmoja wa Manzese alilizunguka langu, akainama, akachungulia chini ya usukani, akaniuliza, "Sista, kwani tundu la kompyuta huku liko wapi?" Nilipomwambia halina, akafuta mikono na kunishauri ningʼoe injini yote aniwekee ya Kijapani, nisahau shida. Mwingine alikubali kazi, akaipaka rangi bodi kabla ya kuziba kutu, ikawa kama kumpaka poda mgonjwa. Wanunuzi wa chuma chakavu nao walipita mtaani na toroli na kipaza sauti chao, na kila wakifika getini kwetu walipunguza mwendo.

Na spea hakuna. Nilizunguka maduka ya Kariakoo mpaka wauzaji wakawa wananijibu kabla sijafungua mdomo. Gari kama langu halipati uhai dukani. Linaupata kwa mwenzake kufa. Litachinjwa moja, vyuma vyake vigawanywe, mengine yasogeze siku. Kwa hiyo kila mwenye 504 anawajua wenye 504 wengine, na anawatazama kama watu wanavyomtazama mzee mgonjwa mwenye nyumba Kariakoo.

Hata hivyo lilianza kurudi. Kutu ilizibwa upya. Viti nilivipeleka Keko kwa mafundi wa makochi, wakavivika kitambaa cha sofa chenye maua ya kahawia, kwa kuwa ndicho walichokuwa nacho. Usukani ulikuwa umepasuka kwa jua, unakwaruza viganja. Mama akakata ukindu, akautia rangi ya zambarau na kijani, akasuka ukili mwembamba na kuuzungushia usukani wote, akiumalizia kwa fundo ambalo sijaona mtu mwingine akilifunga. Nikikaa pale nikaushika, niliona kabisa barabara ya kusini mbele yangu. Kilichobaki ni kabureta. Ya baba ilikuwa imeoza, haifai hata kuwa kielelezo.

Ndipo nikajiunga na chama cha wapenda magari ya kale. Walikutana Jumapili, kwa zamu, majumbani mwao. Wengi walikuwa wanaume wenye nafasi, wa Mbweni na majirani zake, ambao magari yao yanalala kwenye mabanda yenye feni. Walinipokea vizuri, wakaniita dada wa stesheni, wakanipa kiti cha mbele. Mwenyekiti wao alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na miwani ya dhahabu, sauti ya chini, mtu wa "samahani" na "tafadhali". Naye alikuwa na 504, ile ya saluni. Injini yake ilikuwa safi na kabureta yake nzima, lakini uso wake ulikuwa umeliwa na lori: hakukuwa na taa wala ile shoo ya mbele inayofunika rejeta, na usukani ulikuwa umepinda.

"Dada yangu," aliniambia mbele ya watu wote, "hilo lako tulichinje, langu lipone. Angalau moja litembee."

Nikamwambia na mimi nina wazo hilohilo, tuchinje la kwake. Watu wakacheka. Yeye alitabasamu na mdomo tu.

Siku hiyohiyo, katika mazungumzo ya chai, nilieleza kwamba kadi ya gari letu bado ina jina la padri aliyelinunua zamani, kwamba baba hakuwahi kuihamisha, na kwamba padri ameshafariki. Hakuna aliyeshangaa. Nusu ya mji huu inaendesha magari yenye majina ya watu wengine. Ila Mwenyekiti aliniomba nirudie, kuhakikisha amesikia vizuri, nami nikarudia.

Baada ya muda mdogo wake mama akafariki Lindi. Tukapanda basi, kwa kuwa gari lilikuwa bado halina kabureta. Njia nzima mama alitazama nje, na tulipokaribia kufika akanigusa goti: "Safari nyingine tutakuja na letu." Tulikaa mpaka hitima. Tuliporudi Temeke nikafungua geti, nikaona kuku wanachakura katikati ya uwanja mweupe, na matofali yamepangwa vizuri ukutani.

"Gari liko wapi?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Si wewe umewatuma watu wa chama chako? Walikuja na bredauni. Braza mmoja mstaarabu huyo, kanzu, miwani. Kasema wanaenda kulitengeneza, ukirudi ulikute linawaka. Sapraizi."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Mie nikawasaidia kusukuma. Na jua lilikuwa kali, nikawapa maji."

Mpaka leo nikikumbuka hayo maji napandwa na kichaa. Mdogo wangu si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akiona kanzu iliyopigwa pasi anaacha kufikiri. Mama alikwenda akasimama pale gari lilipokuwa, akawafukuza kuku kwa mguu, akarudi ndani.

Nilimpigia Mwenyekiti. Alishangaa sana, kwa sauti ileile ya chini. Hakutuma mtu, hakuja mtu, labda ni matapeli waliotumia jina la chama, mji umeharibika. Kwenye kundi letu la simu akaandika, "Pole sana dada yetu. Tuwe na subira." Wengine wote wakafuata na pole zao. Nikaenda kituoni.

"Mwenye kadi aje aandikishe," askari aliniambia, naye kwa upole tu.

"Mwenye kadi yuko kaburini."

"Basi waje warithi wake."

Warithi wa padri! Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, mama mmoja aliyekuwa akipita akamvuta mwanawe upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliniomba nirudie. Sikuwa na ushahidi, ila nilijua. Usiku na mchana nilimchukia, nikipika namchukia, nikisali namchukia, nikamaliza tasbihi nzima sijui nimesoma nini.

Mvua zilipokatika, picha zikaanza kuja kwenye kundi. Saluni ya Mwenyekiti imepona! Taa mpya, shoo mpya, pongezi kama za harusi. Nilizitazama zile taa mpaka macho yakauma, lakini taa ni taa, huwezi kula yamini kwa taa. Kisha ikaja picha yake amekaa ndani, mkono mmoja juu ya usukani. Usukani una ukili wa zambarau na kijani. Chini ameandika: "Kazi ya mikono ya asili. Niliiagiza maalumu."

Nikampelekea mama simu uani, nikaisogeza karibu na macho yake. Alitazama muda mrefu.

"Huo wangu," akasema. "Mbona kijani kimefifia? Anauanika juani, mshenzi huyu."

Sijawahi kumsikia mama akimwita mtu mshenzi, kabla wala baada.

Mimi nilishaingia jikoni kutafuta panga. Jirani yetu, mwanamke anayeuza vitumbua barazani kwake na ambaye sauti yake inasikika mpaka msikitini, akanikuta mlangoni na kunizuia kwa kifua. "Panga la nini, shoga? Ufungwe bure? Mtu kama huyo hakatwi. Huyo anasutwa."

Asiyekulia uswahilini huenda hajaona mtu akisutwa. Ni kazi ya wanawake, na kwa kawaida anayefanyiwa ni mwanamke aliyesengʼenya. Mnavaa sare, mnachukua ngoma, mnakwenda mpaka mlangoni kwake mchana kweupe, mnamtajia alichosema na aliyemwambia. Kuna adabu zake. Shahidi lazima awepo, asimame, aseme mbele ya mhusika. Hamumgusi. Hamuingii ndani, na hata akiwakaribisha mkayamalize sebuleni, hamkubali, maana jambo likishaingia sebuleni limekufa. Sijawahi kusikia mwanamume wa Mbweni amesutwa kwa ajili ya gari, na hilo ndilo lililonitia utamu.

Shahidi wetu, mdogo wangu, alijaribu kujitoa. "Dada, mie mwanaume, naingiaje kwenye mambo ya wanawake kusutana?"

"Kama ulivyoingia kwenye kusukuma," nikamwambia.

Tulingoja Jumapili ya zamu ya Mwenyekiti. Tukapanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wanawake wa mtaa tumejazana nyuma na ngoma zetu, khanga sare, mama mbele kwa dereva. Tulipofika, mlinzi alituona na ngoma, akadhani ni burudani iliyoagizwa, akafungua geti lote na kutuelekeza pa kushukia. Uani magari yamepangwa yanametameta, watu wameshika vikombe. Mwenyekiti alikuwa amekaa ndani ya saluni yake, mlango wazi, anawaeleza wageni habari za usukani.

Jirani akapiga ngoma, akaanza kwa ile sauti yake:

"Usukani wa mama, nani kakupa wewe?"

Nasi tukaitikia, "Sema! Sema! Nani kakupa wewe?"

Wageni walipiga makofi mwanzoni. Wengine walitoa simu wakarekodi, wakitabasamu. Mimi nilikuwa nikitazama uso mmoja tu, na niliona kila kitu. Kwanza tabasamu, halafu akaniona mimi, halafu akamwona mdogo wangu, na rangi ikamtoka kuanzia juu kwenda chini. Ningeweza kuishi mwaka mzima kwa uso ule bila kula.

Alitoka garini akiharakisha. Alipomfikia mama akainama: "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akamjibu. "Gari la mume wangu liko wapi?"

Ngoma zikanyamaza. Mdogo wangu akasukumwa mbele. Akasema: "Braza, ndiye wewe. Ulikuja nyumbani Temeke, ukasema dada kakutuma. Nikakupa maji kwenye kikombe cha bluu, ukasema asante mwanangu."

"Dada yangu," Mwenyekiti akanigeukia, "ishu ndogo hii. Karibuni ndani, tukae, tuyaongee."

"Hatuingii," tukajibu sote.

Hapo ustaarabu ulimwisha. Aliwageukia wageni wake, akafungua mikono. "Lilikuwa linaoza! Kuku wanataga ndani! Lingeishia kwenye toroli ya chuma chakavu, mnajua nyote. Mimi nimeliokoa. Sehemu yake inaishi, mnaiona hapa." Na nilichukia zaidi nilipoona vichwa viwili vitatu vikikubali, taratibu, kama watu wanaosikia jambo la busara. Walikuwa wamenipa pole hao.

"Fungua vilivyo vyetu," nikamwambia.

"Nimwite fundi..."

"Wewe. Kwa mikono yako."

Jirani akapiga ngoma moja, pu. Mwenyekiti akatazama geti, akatazama zile simu zilizonyanyuliwa, akaenda kuleta spana. Alipiga magoti kwenye changarawe na kanzu yake nyeupe, akaanza na taa. Kila skrubu ikitoka, wanawake walipiga kigelegele. Hakuzoea kazi hiyo. Alijikwaruza vidole, grisi ikamtapakaa mpaka mikono ya kanzu. Mimi nilivuta kiti cha wageni nikakaa mbele yake, karibu kabisa, nikala kitumbua. Taa ikaja, nikaipokea kwa khanga. Shoo ikaja. Usukani ulimtesa zaidi kwa ile nati yake ya katikati, nami sikumwambia inafunguliwaje. Ulipotoka mama akaupokea, akaufuta kwa kiganja kama anavyomfuta mtoto uso.

Saluni yake ikabaki na matundu matupu. Nyuma ya banda tulikuta bodi ya stesheni yetu imefunikwa turubai, injini na viti vya Keko vikiwa bado mahali pake. Bredauni lililolichukua ndilo lililolirudisha.

Tulipokuwa tukipakia, jirani alininongʼoneza nichukue na kabureta. Boneti ilikuwa wazi, ingetoka mara moja, na nani angenizuia siku ile. Niliitazama. Ilikuwa nzima, imesafishwa, inangʼaa. Nikamwambia hapana, mimi nimekuja kuchukua changu. Nilitaka aende kulala akijua kwamba mwizi hapo ni mmoja.

Alijiuzulu uenyekiti. Picha za siku ile zilitembea mpaka Mbagala. Wajukuu zake, nasikia, waliimbiwa shuleni. Nilifurahi na hilo pia.

Miezi michache baadaye akatuma ujumbe kupitia mkewe, mwanamke mwenye heshima ambaye sina ugomvi naye. Alikaa barazani kwetu, akamwamkia mama, akasema maneno aliyotumwa. Mumewe amekiri kosa. Anaomba radhi. Yupo tayari kunipa kabureta yake ifungwe kwenye stesheni yetu, liwake, niendeshe nitakako. Saluni yake haitatembea tena. Anachoomba ni zile taa na shoo tu, asimamishe gari lake bandani likiwa na uso, hata kama halitawaka milele. Aliongeza kwamba mumewe hajaingia kwenye lile banda tangu siku ile.

Niliona raha ikinipanda toka miguuni. Taa za kawaida ningeweza kufunga zozote, za pikipiki hata, na gari lingetembea. Mama naye alijua. Amekaa na madereva maisha yake yote. Alikuwa kwenye mkeka wake anasuka, na mikono ikasimama.

"Mwambie abaki na kabureta yake," nikamjibu yule mwanamke. "Na matundu yake abaki nayo."

Mikono ya mama ikaendelea kusuka. Taa niliziweka chini ya kitanda changu, na ziko huko.

Juzi kulikuwa na dua kule Lindi ya kumkumbuka mdogo wake mama, naye akasema atakwenda. Nilimsindikiza stendi Mbagala, kwa kuwa sikupata ruhusa kazini. Hatembei vizuri sasa. Ngazi za basi alizipanda akishika chuma kwa mikono miwili, kondakta akimsukuma mgongoni, na alipofika juu alikaa kwanza kwenye kiti cha mtu mwingine apumue. Nilisimama nje chini ya dirisha lake nikimwuliza kama ana maji, kama ana dawa zake, kama simu ina chaji.

Akanijibu yote. Halafu akanitazama, bila hasira yoyote, kama anavyotazama mkeka kuona ulipokosewa.

"Umemkomoa kweli, mwanangu," akasema. "Haya, nipe mkoba wangu, basi linaondoka."

Nikampa. Yule wa Mbweni, taa simpi.